V8 ya mume au Vogue ya mke? Jibu kwa Mama Glory wa Goba

"Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tuna shilingi milioni 150 na ubishi wa miezi miwili. Yeye anataka Land Cruiser V8 ya dizeli ya mwaka 2013 iliyotoka Australia, imetembea kilomita 118,000, dalali anataka milioni 145. Mimi nimeipenda Range Rover Vogue ya 2014, dizeli ya lita 3.0, imetoka Uingereza, dashibodi inasoma 96,000, wanataka milioni 138. Tunakaa Goba, kazini ni Posta, njia ya kwetu ni vumbi na makorongo. Kila Desemba tunapanda Rombo na watoto watatu na mama mkwe. Tuchukue lipi? Mama Glory."

Marahaba, Mama Glory. Nianze na jibu kabisa, maana najua mume wako anasomea begani kwako: chukueni V8. Ila ile aliyoiona yeye msiilipie hata shilingi kabla hamjaingiza kidole mahali nitakapowaonyesha huko chini. Baba Glory amepatia jina, gari lenyewe ndilo linanitia shaka.

Kwa Vogue sikulaumu hata kidogo. Nimeshinda chini ya magari ya watu mjini hapa miaka 20 na ushee, na gari linalotuliza roho kama lile sijaliona kwa bei hizo. Ukifunga mlango, Bagamoyo Road yote inabaki nje, na bodaboda zake na honi zake. Bodi ni ya alumini, haikupandishwa juu ya chesisi kama V8, na chini hakuna springi za chuma, kuna baluni za hewa. Ndiyo maana ukipita kwenye rasta za barabara kuu unazisikia kwa mbali kama mtu anayegonga geti la jirani. Kwenye V8 unazihisi nyayoni. Mama mkwe kama ana magoti yanayomsumbua, Vogue ukiigusa kitufe inashuka sentimita 5 ili apande, wakati V8 atahitaji ngazi ya pembeni na mkono wa mjukuu. Hata kwenye maji, kitabu cha Vogue kinairuhusu kuvuka kina cha sentimita 90, na cha V8 kinaishia 70. Nimeyasema haya yote ili mume wako asikuambie kwamba umependa rangi tu.

Lakini umeniandikia watu sita. Baba, wewe, watoto watatu, bibi yao. Vogue ya umbo hilo, lile lililotengenezwa kuanzia 2012 hadi 2021, ina mikanda mitano ya siti. Siti za mstari wa tatu zimekuja kwenye toleo lililofuata. Wa sita mtamweka wapi kuanzia Mbezi hadi Rombo? Umpakate mtoto kilomita 500 na zaidi, na pale Segera trafiki anachungulia dirishani?

V8 nyingi zinao huo mstari wa tatu, ingawa nazo nisizipake mafuta. Siti zile za nyuma zinakunjwa kwa kuinuliwa pembeni, zinaning'inia kwenye madirisha ya buti. Ukizishusha waketi watoto, buti linabaki mwanya wa kutosha mkungu mmoja wa ndizi na begi moja la mtoto. Mkirudi na mizigo ya Rombo kama watu wote wanavyorudi, itabidi mfunge keria juu. Na mtu mzima akikaa kule, magoti yanagusa kidevu.

Tuje kwenye mafuta, maana hapo ndipo watu wengi huanzia na ndipo wanapodanganyika. Goba hadi Posta kwenda na kurudi, na mizunguko ya shule, nakuwekea kilomita 50 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, yaani kilomita 1,250. Bei kikomo za EWURA hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo tuchukue 3,000 kwa lita ili tusichoshane. V8 ya dizeli kwenye foleni zetu naihesabia kilomita 8 kwa lita: unachoma kama shilingi 469,000 kwa mwezi. Vogue ya dizeli ya lita 3.0 inakwenda 9 hivi: unachoma 417,000. Umeona? Vogue inakunywa kidogo kuliko V8. Mtu anayekutisha kwa mafuta ya Vogue hajawahi kumiliki Vogue. Aliyewahi kuimiliki atakutisha kwa mambo mengine.

Mwaka mmoja, tarehe 23 Desemba, saa nane mchana, mteja wangu alinipigia simu akiwa Mombo. Vogue imelala chini, matairi yameingia ndani ya bodi, kwenye dashibodi kumejaa maandishi. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amebadilishiwa kompresa ya hewa kwenye gereji moja ya mjini, akafungiwa ya bei poa, na hakuna aliyehangaika kujua ile ya kwanza ilikufa kwa nini. Ilikufa kwa sababu baluni moja ya nyuma ilikuwa inavuja. Baluni ikivuja, kompresa haipumziki, inajaza usiku na mchana. Isipopumzika inaungua, uwe umefunga mpya au ya mtumba. Pale Mombo kuna mafundi wanaofungua gia boksi ya Fuso kwa tochi ya simu, watu wa kazi kwelikweli, nao wakasimama wakaitazama ile Vogue mikono kiunoni. Walifanyaje? Hakuna wa kuipima kwa kompyuta, hakuna baluni Mombo, wala Korogwe, wala Same. Familia ikamalizia safari kwa Noah ya kukodi, gari likarudi Dar mgongoni kwa gari la kubebea magari. Sikukuu yote tukawa tunasubiri spea.

Shokapu ya V8 ingekatika pale pale, kijana angefunga hata ya kubahatisha na Krismasi wangeilia nyumbani. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka muiweke mezani, Mama Glory: baina ya gereji na gereji, gari lako litamkuta nani? V8 hapa nchini ni gari la serikali, la mashirika, la watu wa watalii. Shangingi likipita kijiji chochote, watoto wanalijua kwa mlio. Spea zake Gerezani na Kariakoo unapata za aina tatu: mpya halisi, mtumba, na feki, na ukiwa na fundi mwaminifu unajua unalipia ipi. Za Vogue zipo pia mjini, nyingine huagizwa Dubai au Uingereza, unangoja wiki, na wanaojua kuzifunga na kuzisoma kwa mashine yao inayostahili ni wa kuhesabu. Wengi wanafuta ile taa ya onyo tu na kukurudishia ufunguo.

Kuna na injini yenyewe. Hiyo dizeli ya V6 lita 3.0 inafahamika duniani kwa ugonjwa mmoja: beringi za krenki kujizungusha na krenki yenyewe kukatika. Haitoi taarifa ndefu. Unaweza kuwa barabarani vizuri, ukasikia mlio wa kugonga, injini imenoki, basi. Si zote, na zilizobadilishwa oili mapema hudumu, lakini gari la mtumba hujui lilibadilishwa oili lini. Tena ina mikanda miwili ya taimingi, mmoja mbele, mwingine nyuma unaozungusha pampu ya dizeli, na mikanda hiyo huchoka kwa miaka hata kama gari limelala uani. Gari la 2014 kama haina ushahidi wa kubadilishwa, hesabu kwamba ni kazi yako. Mtu akiniambia ni lazima Vogue, namwambia atafute ya dizeli V8 lita 4.4. Inakunywa zaidi kidogo, ila moyo wake ninauamini zaidi.

Na foleni ya Goba. Hizi dizeli za kisasa za Ulaya zina chujio la masizi kwenye ekzosi, mafundi wanaliita DPF. Linajisafisha gari likikimbia mfululizo kwa dakika kadhaa likiwa na joto. Wewe unatoka Goba gia ya kwanza, unafika Makongo gia ya kwanza, Mwenge umezima mawazo. Halipati nafasi ya kujisafisha, linaziba, gari linapoteza nguvu. Kila Jumamosi ungelazimika kulitoa matembezi hadi Bagamoyo kama ng'ombe wa kunyweshwa.

Kabla sijaiacha Vogue: hiyo 96,000 ni ya nini? Umeandika kilomita kwa V8, kwa Vogue umeandika namba tupu. Magari ya Uingereza husoma maili. Kama ni maili, gari limetembea kama kilomita 154,500. Muulizeni muuzaji namba ya usajili ya kule Uingereza. Serikali yao ina tovuti ya bure inayoonyesha kila ukaguzi wa mwaka na maili zilizosomwa siku hiyo. Ukiona 2019 lilikuwa na maili 110,000 na leo lina 96,000, jibu mmelipata bila fundi. Na namba ya chesisi pia ichunguzwe, maana magari kama haya yanayowaka kwa kitufe bila kuchomeka ufunguo huibwa sana kule, na mengine huvuka bahari.

Sasa zamu ya Baba Glory. V8 ya dizeli ya Australia ina matangi mawili, jumla lita 138. Safarini ikienda kilomita 9 kwa lita, mnaweza kwenda Rombo na kurudi Dar bila kugusa kituo cha mafuta. Na ya 2013 haina hilo chujio la masizi, kule waliliweka kwenye toleo la mwishoni mwa 2015. Vizuri. Lakini mtu hanunui matangi ya lita 138 ili aende sokoni. Kilomita 118,000 kwa miaka yote hiyo ni kama 10,000 kwa mwaka, na gari kama hilo kule huvuta trela na nyumba za magurudumu jangwani. Inawezekana, lilikuwa la mzee mstaafu. Mimi ningetazama pedali ya breki: raba yake imelika upande wa kulia? Usukani umeng'aa kwenye saa tatu na saa tisa? Ukingo wa siti ya dereva, pale unapotelezea kushuka, ngozi imechanika au imeshonwa upya? Dashibodi inarudishwa nyuma kwa nusu saa, raba ya pedali watu huisahau.

Jambo kubwa zaidi ni vumbi. Hii dizeli ya lita 4.5 ina tabo mbili na injekta nane, na sehemu ya eya klina yake ina historia ya kutokufunga sawasawa. Vumbi laini linapita pembeni ya chujio na kuingia kwenye injini. Humo linakuwa msasa. Linakula mabawa ya tabo, linakula ringi za pistoni, gari linaanza kunywa oili taratibu. Na nyinyi mnaishi Goba, vumbi la kwenu nalijua, mkilinunua likiwa limeshaonja hilo nyinyi mtamalizia. Seti ya injekta nane ni pesa ambayo itakufanya ukae chini.

Ndiyo maana kwa matumizi yenu nina njia ya tatu, V8 ya petroli lita 4.6 kutoka Japani. Kule Land Cruiser ya umbo hili, iliyouzwa kuanzia 2007 hadi 2021, haikuuzwa na dizeli kabisa, kwa hiyo mtu akikuambia "V8 dizeli ya Japani" mpishe njia. Petroli hii haina tabo, haina injekta za bei ya dhahabu, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi. Kitu cha kutazama ni pampu ya maji: mkitumia tochi mkaona alama ya waridi iliyokaukia mbele ya injini, inavuja. Msichukue ile iliyofungwa mfumo wa hydroliki wa kupanda na kushuka. Ya springi na shokapu za kawaida ndiyo ya kwenu. Redio yake inaishia mawimbi ya 90, stesheni nyingi za mjini mtazikosa hadi mfunge kifaa kidogo, hilo halimuui mtu.

Itakunywa. Kilomita 5 kwa lita mjini, yaani lita 250, shilingi 750,000 kwa mwezi. Ni kama 281,000 zaidi ya dizeli, milioni 3.4 kwa mwaka. Nimewahi kuona bili moja ya mfumo wa dizeli ikimeza tofauti ya miaka mingi kwa asubuhi moja. Mngekuwa mnakwenda Dodoma kila wiki ningewaambia dizeli bila kupepesa. Kwa mtu wa Goba na Posta na Rombo mara moja kwa mwaka, petroli.

Je, muagize wenyewe? Kwa pesa yenu naona mtabanwa. Chukua gari ambalo TRA wamelithamini dola 10,000 likifika bandarini, na thamani ni ile ya mfumo wao, risiti yako si lazima waikubali. Forodha 25%, unafika 12,500. Juu yake ushuru wa bidhaa 10% kwa injini iliyozidi cc 2,000, na 30% nyingine kwa gari lililopita miaka 10, unafika 17,500. Halafu VAT 18% juu ya yote: 20,650. Kodi imelizidi gari, na tozo ndogo ndogo sijazigusa. Likiwa na miaka 8 hadi 10, ile ya umri ni 15%, unaishia kama 18,440, lakini bei ya kununulia kule inakuwa imepanda. Viwango huguswa kwenye bajeti ya Juni, kikokotoo cha TRA kiko mtandaoni, mtie namba zenu wenyewe. Mimi ningetafuta iliyokwisha kuingia nchini, yenye kadi safi, mwenye nayo awe na karatasi ya mnada wa Japani. Ikiandikwa R kwenye daraja, lilishagongwa likatengenezwa.

Na msitumie milioni 150 zote kununulia. Tafuteni gari la milioni 130 au chini. Bima kubwa kwa kawaida huanzia asilimia 3.5 ya thamani, hapo tu mmeshatoa zaidi ya milioni 4.5. Matairi manne, oili zote, breki, bushi za mbele, mikanda midogo, hivyo havikwepeki gari la mtumba la umri huu. Nasema matairi manne nikikumbuka pia Vogue za rimu 21 na 22: tairi lake ni jembamba kama mkate wa chapati, korongo moja la Goba likipatikana usiku, rimu imepinda. V8 ya rimu 17 au 18 ina nyama ya kutosha.

Bado mnataka kuyaona yote mawili? Nendeni Jumamosi, saa moja asubuhi, bila kumwambia muuzaji saa, ili injini ziwe baridi. Kwa Vogue, kabla hajaiwasha, weka vidole wima kati ya tairi na bodi, kona zote nne. Kona moja ikiingiza vidole vitatu na nyingine vitano, baluni imevuja usiku. Akiwahi kuiwasha itajaa na ushahidi utapotea. Kwa magari yote mawili, vuta mkanda wa siti mpaka mwisho kabisa. Gari lililozama kwenye mafuriko huoshwa kila mahali, lakini kule ndani mkanda hubaki na mstari wa tope.

Kwa V8 ya Australia, mwambie fundi wenu afungue boksi la eya klina, atoe chujio, halafu afungue bomba linalotoka pale kwenda kwenye tabo. Upande ule ni wa hewa safi, hautakiwi kuwa na kitu. Mume wako aingize kidole chake mwenyewe, afute ukuta wa ndani, akitoe nje kwenye mwanga. Kikitoka kisafi, nitumieni namba ya chesisi tuendelee kuzungumza bei. Kikitoka na ule udongo mwekundu laini kama unga wa muhogo, mrudishieni dalali ufunguo, mmshukuru kwa muda wake, mkaitafute ya petroli.